Mboji Inavyolinda Vinasaba vya Mmea

Mto Tana hushuka kutoka Mlima Kenya na safu ya Nyandarua, ukasafiri takriban kilomita 1,000 hadi Bahari ya Hindi. Ukifika Kulesa, katika eneo la Garsen, umeshakuwa mto wa nchi tambarare, na kila unapofurika huacha tope mashambani. Maji yakipungua, wakulima wa Kipokomo hupanda. Rutuba ya tope hilo kila mtu anaijua. Lakini udongo wenye mboji hufanya pia kazi isiyoonekana kwa macho: huikinga DNA ya mmea isikatikekatike.

Tuanze kwenye ncha ya mzizi, kwa sababu hapo ndipo seli hugawanyika kwa kasi. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, huikunja kuwa kromosomu, kisha huvuta nakala moja upande huu na nyingine upande ule. Kila kromosomu ina sehemu yake ya kushikwa ili ivutwe. Ikikatika, kipande kisicho na sehemu hiyo hakivutwi popote. Hubaki nyuma, na mgawanyiko ukiisha hujifunga kuwa kiini kidogo pembeni mwa kiini kikubwa. Viini vidogo hivyo vinahesabika kwa hadubini. Mizizi ya kitunguu, chenye kromosomu 16 tu, na zilizo kubwa, imetumiwa kwa uchunguzi wa namna hii tangu kazi ya Albert Levan wa Sweden mwaka 1938. Ni jambo la kufurahisha kwamba jeraha la molekuli linaweza kuonwa na mwanafunzi wa sekondari mwenye kitunguu, rangi na hadubini.

Ni nini kinachokata kromosomu? Mfano mmoja ni kadimiamu, metali ambayo kwa kawaida hupatikana kidogo ndani ya miamba ya fosfeti, na kwa hiyo hufuatana na mbolea za fosfeti hadi shambani. Ikiingia kwenye seli huchochea oksijeni kali inayoshambulia DNA, na wakati huohuo huvizuia vimeng'enya vinavyoikarabati. Baadhi ya viuatilifu pia hukata kromosomu.

Sasa tuje kwenye mboji. Majani ya migomba, mabua ya mahindi na kinyesi cha ng'ombe huliwa na kuvu na bakteria. Wanachokiacha, pamoja na mabaki ya miili yao wenyewe, ni mchanganyiko mweusi wa molekuli nyingi. Mwaka 1786 mkemia Mjerumani Franz Karl Achard aliutoa kwenye mboji ya kinamasi kwa kutumia alkali. Sehemu inayoganda asidi ikiongezwa huitwa asidi ya humiki; inayobaki kwenye maji huitwa asidi ya fulviki. Johannes Lehmann na Markus Kleber walieleza mwaka 2015 kwamba majina haya yanataja zaidi kile kinachotolewa maabara kuliko vitu vilivyojipanga hivyo ardhini. Naona hoja yao ni ya haki. Hata hivyo makundi ya kikemia yanayofanya kazi ya kinga yamo kwenye udongo wenyewe.

Muhimu zaidi ni kundi la kaboksili: kaboni moja, oksijeni mbili, haidrojeni moja. Katika udongo usio mchachu sana, haidrojeni hiyo hujitoa na kuacha chaji hasi. Kadimiamu ina chaji chanya mbili, basi hunaswa, mara nyingi na makundi mawili au zaidi kwa pamoja, kama samaki aliyeingia mgono huku maji yakipita. Sumu za kikaboni hunata kwenye sehemu za molekuli zisizopenda maji. Na oksijeni kali hupokonywa ukali wake na makundi ya fenoli.

Katika Chuo Kikuu cha Bari, Italia, Nicola Senesi, Elisabetta Loffredo na wenzao waliipa miche ya jamii ya kunde kemikali inayokata kromosomu, haidrazidi ya maleiki. Miche iliyopewa pia asidi za mboji ilionyesha viini vidogo vichache zaidi.

Kinga hii ina mpaka. Kadimiamu iliyonaswa haijaharibiwa, imezuiliwa tu. Udongo ukizidi kuwa mchachu, haidrojeni hurudi kwenye kaboksili na kuisukuma kadimiamu nje. pH ikishuka kwa kipimo kimoja, haidrojeni huongezeka mara 10. Mbolea zenye amonia, ikiwamo DAP ambayo pia ni mbolea ya fosfeti, huongeza uchachu huo zikitumika misimu mingi. Tena kwenye joto la Tana mboji huliwa upesi, kwa hiyo lazima iongezwe mara kwa mara. Shamba linalopewa DAP kila msimu huku mabua yake yakichomwa linaongezewa kadimiamu, linaongezewa uchachu, na linanyimwa malighafi ya mboji, yote kwa mpigo.