Cherehani ya Nyumbani: Kutia Uzi na Kuponya Makosa Yake

Katika vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita cherehani si pambo la nyumba. Ni shamba la pili, na shamba hili halingoji mvua. Mwaka ambao mvua zimekosa na pamba haikuleta kitu, mama mwenye cherehani aweza kununua mtama kwa fedha za kushona sare za watoto wa shule, kupinda kanga, na kutia viraka suruali za wachimbaji wa dhahabu. Lakini cherehani hiyo ikisimama mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, wateja huenda kwingine, wala si wote warudio.

Tumeona mara nyingi kwamba cherehani iliyofungwa juu ya baiskeli na kupelekwa mjini kwa fundi haikuwa na ugonjwa wowote. Uzi ulikuwa umepitishwa vibaya, au sindano imegeuzwa, na mwenyewe hulipa nauli na ujira kwa kosa la dakika tano. Kwa hiyo leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu jinsi ya kutia uzi, na jinsi ya kutafuta kosa kwa utaratibu.

Kwanza yafaa tujue namna mshono unavyofanyika. Cherehani hushona kwa nyuzi mbili, mmoja wa juu na mmoja wa chini, nazo hufungana katikati ya nguo. Elias Howe wa Marekani alipata hati ya cherehani ya namna hii mwaka 1846, na Isaac Singer akapata yake mwaka 1851. Kiwanda kikubwa cha Singer huko Clydebank, Scotland, kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980, lakini cherehani zake nyeusi zingali zikishona. Butterfly za Shanghai, tuzionazo katika baraza nyingi, zimefuata umbo la Singer namba 15. Basi ajuaye moja ajua na nyingine.

Kutia uzi wa juu. Inua mguu unaokanyaga nguo, maana ukiwa chini visahani viwili vya kukazia uzi hubana, na uzi hauingii katikati yake. Zungusha gurudumu la mkono kuelekea kwako hata ule mkono unaopanda na kushuka ufike juu kabisa. Toa uzi katika kibiringo, upitishe katika vishikizo vyake, uingize katikati ya visahani na katika kamba ndogo ya chuma iliyo kando yao, uupandishe katika tundu la ule mkono, kisha uushushe mpaka kwenye sindano.

Sindano ina upande wa bapa na upande wenye mfereji mrefu. Uzi huingia daima upande wa mfereji na kutokea upande wa bapa. Katika Singer namba 15 na Butterfly nyeusi, bapa huelekea kushoto, nao uzi huingia kutoka kulia. Sindano na isukumwe juu mpaka mwisho kabla ya kukaza skrubu yake.

Kutia uzi wa chini. Bobini ijazwe sawasawa, isiwe na mgongo upande mmoja. Itie katika kijumba chake, vuta uzi upite katika ufa na chini ya chuma chembamba kinachoubana. Kisha kining'inize kijumba kwa uzi wake na kukitikisa kidogo. Kikishuka kidogo na kusimama, ni vema. Kikianguka moja kwa moja, uzi umelegea; kisiposhuka hata kidogo, umekazwa mno. Kirudishe mahali pake mpaka kilie. Shika ncha ya uzi wa juu, zungusha gurudumu mara moja kuelekea kwako, na uzi wa chini utapanda. Acha inchi 3 au 4 za nyuzi zote mbili, uzilaze nyuma chini ya mguu.

Sasa tuyatazame makosa yenyewe.

1. Mafundo chini ya nguo. Watu wengi huona mafundo chini, wakalaumu bobini na kuigeuza skrubu yake. Kumbe mafundo ya chini hutoka juu: uzi wa juu haukubanwa, na mara nyingi haumo katikati ya visahani. Utoe wote, utie upya, mguu ukiwa juu. Vitanzi vikionekana juu ya nguo, basi uzi wa juu umekazwa mno, au wa chini umelegea.

2. Uzi wa juu kukatika. Tazama kama umeruka kishikizo, kama umekazwa mno, kama umezeeka kwa jua la dukani, au kama tundu la sindano lina makali. Na mwenye kukanyaga asianze kwa kurudisha gurudumu nyuma, maana hilo nalo hukata uzi.

3. Kuruka mishono. Hapa kosa ni la sindano karibu kila mara: imepinda, imekuwa butu, imegeuzwa, au haikufika juu. Ilaze juu ya kioo uone kama imenyoka. Nguo nyepesi hutaka namba 11, nguo za kawaida namba 14, kaki na drili namba 16, na turubai namba 18.

4. Sindano kuvunjika. Usiivute nguo kwa nyuma. Meno ya chini ndiyo yenye kazi ya kuisukuma. Fikapo kwenye pindo nene la suruali ya kazi, acha kukanyaga, zungusha gurudumu kwa mkono.

5. Nguo kutokwenda, au cherehani kuwa nzito. Wakati wa kiangazi vumbi la nchi yetu huingia kila mahali, likachanganyika na nyuzinyuzi za pamba na kuwa kama blanketi kati ya meno. Fungua bamba la chini ya sindano, usafishe kwa brashi ndogo. Kisha tia tone moja moja la mafuta ya cherehani katika kila tundu lake, ushone kitambaa kikuukuu kwanza ili mafuta yasichafue sare ya mtu. Mafuta ya kupikia, hata yale ya mbegu za pamba, yasitumiwe kamwe. Hukauka yakawa kama gundi. Yaliyokwisha kuganda hulainishwa kwa mafuta ya taa, mbali na moto, yakafutwa, na mafuta mazuri yakatiwa.

Utaratibu wa kutafuta kosa ni huu: kwanza uzi, pili sindano, tatu vumbi, na skrubu mwisho kabisa. Badili kitu kimoja tu, kisha jaribu juu ya kitambaa. Abadiliye vitu vitatu pamoja hatajua kipi kilichoponya wala kipi kilichoharibu. Skrubu ya kijumba cha bobini isigeuzwe zaidi ya robo ya mzunguko kwa mara moja, na hali yake ya kwanza ikumbukwe. Ukimaliza hayo yote na kosa likabaki, hapo ndipo fundi astahilipo ujira wake, nawe utaweza kumwambia uliyoyajaribu.

Waalimu wa kazi za mikono wawafundishe wavulana na wasichana sawasawa, na kila mwanafunzi atie uzi kwa mkono wake mwenyewe, maana kutazama tu hakutoshi. Wazee wa vijiji nao wawahimize wenye cherehani kuzifunika kwa kitambaa kila jioni. Kitambaa hicho ni bei ndogo kuliko nauli ya kwenda mjini.