Bima ya Afya kwa Aliyekwisha Kuugua: Maswali na Majibu kuhusu Nachingwea na Ruangwa

Je, mkazi wa Nachingwea au Ruangwa mwenye kisukari au selimundu hukataliwa bima?

Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, maarufu kama CHF, ambao ulianza katika sura yake ya sasa mwaka 2018, uliwekewa mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu wasiozidi sita, bila kujali nani katika kaya hiyo ni mgonjwa. Kizuizi, kwa hiyo, hakimkuti mgonjwa wakati wa kujiandikisha bali mbele ya safari, kwa kuwa huduma za kadi hiyo huishia hospitali ya rufaa ya mkoa, yaani Sokoine mjini Lindi, ilhali maradhi sugu ndiyo hasa yanayomfikisha mtu kwa madaktari bingwa wa hospitali za kanda na taifa, ambako hulazimika kulipa papo kwa papo, maana yake kutoa fedha mfukoni kila anapohudumiwa.

Kwa nini bima pana zaidi huwa ghali kwa mtu wa namna hiyo?

Sababu yake ni kile ambacho wachumi hukiita uteuzi hasi: bima inapokuwa ya hiari, wanaojiunga kwa wingi ni wale wanaojua kwamba watatibiwa, na wenye afya hubaki nje, hata michango ikashindwa kukidhi gharama. Toto Afya Kadi ni mfano ulio wazi. Kadi hiyo ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF), iliyogharimu shilingi 50,400 kwa mtoto kwa mwaka, ilisitishwa mwaka 2023 kwa usajili wa mtoto mmoja mmoja, na Mfuko ukaeleza kuwa wengi walioandikishwa walikuwa tayari wagonjwa. Wazazi wakaelekezwa kwenye usajili wa shuleni au vifurushi vya familia. Mzazi aliyemkatia kadi mtoto anayeumwa hakufanya hila yoyote, kwani alitenda jambo ambalo bima ya hiari humshawishi kila mwenye akili timamu kulitenda. Kasoro ilikuwa katika mpango wenyewe.

Vifurushi vya NHIF vya mwaka 2019 havikutatua tatizo?

Kwa sehemu ndogo. Najali Afya, Wekeza Afya na Timiza Afya vilipangiwa bei kwa umri na ukubwa wa familia, kuanzia shilingi 192,000 kwa mtu mmoja wa miaka 18 hadi 35, na kwa kuwa shinikizo la damu na kisukari huongezeka kadiri umri unavyosogea, mwenye kuhitaji zaidi ndiye aliyetozwa zaidi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote inabadilisha nini?

Sheria hiyo, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023, inamtaka kila mkazi awe na bima na kuweka utaratibu wa kuwagharimia wasio na uwezo. Lazima hiyo, ingawa huwaudhi wenye afya, ndiyo kinga ya mgonjwa, kwa kuwa michango yao ndiyo inayomtibu.

Mkulima asiye na mshahara atachangiaje?

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli. Mtumishi wa umma hukatwa mchango kabla mshahara haujamfikia, lakini mkulima wa wilaya hizi hupata fedha kwa msimu: ufuta katikati ya mwaka, korosho kuanzia Oktoba. Kadi inayokwisha wakati wa masika humkuta mikono mitupu, na dawa ya shinikizo la damu haisubiri mnada wa korosho. Hata hivyo mauzo ya korosho hupita katika vyama vya msingi, AMCOS, vilivyo chini ya chama kikuu cha RUNALI, ambacho huunganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, na hivyo pato la mkulima huonekana kwenye maandishi. Kukata mchango katika malipo hayo, kwa ridhaa ya mkutano mkuu wa wanachama, kungewaingiza pamoja wazima na wagonjwa. Wangebaki vibarua na wasio na mikorosho, ambao kwao fungu la wasio na uwezo ndilo tegemeo.