Muulize Mvuvi Wavu Wake

Wadogo zangu, juzi jioni nilikuwa uani napaa samaki, akaingia binti wa jirani anayesomea utabibu. Likizo imekwisha, kesho yake anavuka mto pale Bweni kurudi chuoni. Alipokwisha kuniamkia akasema darasa lao linaanzisha kikao cha kusoma makala za utafiti, na yeye ndiye wa kwanza kuwasilisha. "Dada, mimi ni nani hata nimkosoe profesa?"

Najua swali hili linawakaa rohoni wengi wenu, kwa hiyo nawajibu wote.

Hapa kijijini kwetu Ushongo mvuvi akikwambia leo changu ni tele, hukimbilii kununua chombo. Unamuuliza alitega wavu gani, maji yalikuwa bamvua au mafu, na wenzake wangapi walitoka wakarudi mikono mitupu. Hujamvunjia heshima. Unataka kujua kama na wewe ukitoka kesho utapata. Kuchambua utafiti ni hivyo hivyo. Heshima ya mkubwa ibaki kwenye salamu. Makala haina umri, nayo iulizwe.

Nikamwambia asianze na makala ya mbali. Aanze na makala ya utafiti wa FEAST, iliyochapishwa mwaka 2011, kwa kuwa sehemu ya utafiti huo ilifanyika Hospitali Teule ya Muheza, mkoani kwetu hapa, pamoja na Kilifi kule Kenya na hospitali nne za Uganda. Wakati ule vitabu vilifundisha kwamba mtoto mwenye homa kali, mikono baridi na mapigo dhaifu apewe maji mengi ya dripu kwa haraka. Watafiti, wakiongozwa na Kathryn Maitland, waliwagawa watoto 3,141 kwa bahati nasibu katika makundi matatu: wa maji ya chumvi kwa haraka, wa albumini kwa haraka, na wa kundi la tatu ambao hawakumiminiwa maji ya haraka. Baada ya saa 48 walikuwa wamefariki asilimia 10.5 na 10.6 katika makundi mawili ya mwanzo. Katika lile la tatu, asilimia 7.3. Utafiti ulisimamishwa kabla ya kufikia idadi iliyokusudiwa.

Sasa ndipo kazi inapoanza, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mtu anasoma muhtasari, anafunga, anatangaza kwamba dripu inaua. Nenda kwenye sehemu ya mbinu, utafute ni watoto gani hawakuingizwa. Hawamo wenye kuharisha na kutapika. Hawamo wenye utapiamlo mkali, wala walioungua. Kwa hiyo mtoto wa kipindupindu anayeletwa amekauka macho yameingia ndani, usimnyime maji kwa jina la FEAST! Utamuua kwa makala uliyoisoma nusu.

Uliza tena: wauguzi walijua nani kapewa nini? Walijua, kwani dripu haifichiki. Je, hilo linaharibu matokeo? Kama kipimo kingekuwa "mtoto anaonekana nafuu", ningekuwa na shaka kubwa. Lakini waliohesabiwa ni waliofariki, na kifo hakibadiliki kwa jicho la anayetazama. Mjadala wa namna hii mmoja tu unazidi kusomewa slaidi kumi.

Na jifunzeni kuhesabu. Utafiti mwingine uliopita Muheza na Korogwe, AQUAMAT wa mwaka 2010, ulilinganisha artesunate na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika. Vifo vilikuwa asilimia 8.5 kwa artesunate na 10.9 kwa kwinini. Mmoja atasema vifo vimepungua kwa zaidi ya moja ya tano, mwingine atasema vimepungua viwili na kitu katika kila watoto mia. Wote wawili wamesema kweli. Wewe andika zote mbili ubaoni, kisha mseme kwa wodi yenu maana yake ni watoto wangapi.

Kuhusu kikao chenyewe sina mengi. Nilipokuwa mwanafunzi, mmoja wetu alisoma slaidi saa nzima, mkubwa akasema "vizuri", tukatawanyika. Nilihudhuria vingi vya aina hiyo na sikumbuki makala hata moja. Msifanye hivyo. Makala iwe moja, ipatikane wiki nzima kabla. Mmoja apakue, wengine mtoe kopi, bando ni ghali. Hata daktari William Osler alipoanzisha kikao cha namna hii Montreal mwaka 1875, haja mojawapo ilikuwa kuchangia majarida ambayo mtu mmoja asingeyamudu. Anzeni na mgonjwa mliyemwona wodini, si na kichwa cha makala. Mwasilishaji apewe dakika kumi, asizidishe. Mwalimu aseme mwisho, mumwombe hivyo kwa adabu mapema, kwa sababu akisema mwanzo hakuna atakayefungua kinywa. Na mwenye swali analoliona la kijinga apewe nafasi ya kwanza.

Jambo moja nalisisitiza kuliko yote. Makala ni ya Kiingereza, lakini mjadala ufanyeni kwa Kiswahili. Mama wa Mkwaja au Kipumbwi atakuuliza kwa nini mwanawe hakuwekewa dripu na wa jirani kawekewa. Ukishindwa kumweleza kwa lugha yake, hukuielewa ile makala, hata kama ulipigiwa makofi darasani.

Yule binti alivuka asubuhi na kopi ya FEAST mkobani, sehemu ya mbinu kaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nanyi mliobaki, tafuteni wenzenu watano, chagueni siku, na muanze wiki hii.