Bampa Likibonyea: Ujitengenezee au Uende Gereji?

Wenye motokaa wa Meru na Embu wajua jinsi bampa linavyobonyea kwa urahisi. Pengine dereva arudi nyuma katika msongamano wa soko la Gakoromone, akagusa nguzo. Pengine ateleza katika tope jekundu wakati wa masika. Hapo hujiuliza: Je, nitengeneze mwenyewe, ama nimlipe fundi? Jibu halimo katika ukubwa wa bonyeo, bali katika mambo yaliyofichika nyuma ya bampa.

Zamani mabampa yalikuwa ya chuma, nayo yakipinda yalinyooshwa kwa nyundo. Motokaa nyingi za siku hizi zina mabampa ya plastiki, na aghalabu nyuma yake umo mhimili wa chuma wa kupokea kishindo. Plastiki yaweza kurudi katika umbo lake ilhali chuma cha ndani kimepinda. Kwa hiyo bampa lionekanalo zima laweza kuficha hasara kubwa.

Basi, kwanza osha matope, kisha uchungulie nyuma ya bampa kwa tochi. Tazama mambo manne: mhimili umenyooka? Vishikio ni vizima? Taa zote zawaka? Rejeta haivuji? Ukiona kasoro hata moja, nenda gereji. Fanya vivyo hivyo ikiwa bampa lako lina kamera au vyombo vya kuhisi vitu vilivyo karibu.

Ikiwa ni bonyeo tu, wewe mwenyewe waweza kulitengeneza. Chemsha birika la maji. Katika mji wa Meru, ulio juu ya bahari yapata meta 1,500, maji huchemka kwenye digrii 95 hivi, wala si 100. Hata hivyo joto hilo latosha kulainisha plastiki. Zima injini, uvae glavu nene, na uwaweke watoto mbali. Mwaga maji polepole juu ya bonyeo, ukiepuka taa na nyaya, kisha sukuma kutoka ndani. Likirudi, limwagie maji baridi mara moja ili likaze. Lisiporudi, rudia. Usitumie moto wa jiko, kwa maana utaunguza rangi na kuyeyusha plastiki.

Ufa ni jambo jingine. Tazama upande wa ndani: ukikuta herufi PP, ujue kwamba gundi ya kawaida haishiki vema plastiki hiyo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye chombo cha kuiunganisha kwa joto. Waulize mafundi wawili au watatu bei yao, na kama rangi imo. Tena mwambie fundi akuonyeshe mhimili kabla hajarudisha bampa.

Na ikiwa mtu ameumia, au mali ya mwenzako imeharibika, wape polisi habari kabla ya kutengeneza lolote.

Kumbukeni kwamba barabara ya kutoka Embu kwenda Meru hushuka kwa ukali hadi daraja la Nithi. Bampa lililofungwa kwa kamba laweza kuanguka hapo na kuingia chini ya gurudumu. Kuokoa fedha kwa birika la maji ni busara. Kuokoa fedha kwa kuacha vishikio vilivyokatika ni hatari. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.