Mkojo wa Damu na Saratani ya Figo Iliyo Nadra

Kazi yangu ni kuchunguza vipande vya nyama ya mwili kwa hadubini. Siku moja nililetewa kipande cha figo ya kijana wa miaka 19. Alikuwa amekojoa damu miezi mitano, akinunua dawa ya kichocho dukani bila kupimwa hata mara moja.

Mahali penye kichocho cha kibofu, mkojo wa damu mara nyingi hutokana na minyoo hiyo. Lakini jambo hili hupimwa, halikisiwi. Mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio wenye mayai mengi. Yasipoonekana, hutafutwa sababu nyingine, kama mawe, kifua kikuu cha figo au uvimbe. Picha ya ultrasaundi huonyesha uvimbe ulipo, bali haitaji jina lake.

Kijana yule alikuwa amerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu. Watu wa namna hiyo kwa kawaida ni wazima. Uchunguzi wa mwaka 2014 na 2015 uliwaona Uganda kiasi cha watoto 13 katika kila 100. Ila ndani kabisa ya figo oksijeni ni haba na chumvi ni nyingi, basi chembe za damu zao hujipinda kama mundu. Huko ndiko huanzia saratani moja ya nadra sana. Mwaka 1995, huko Marekani, daktari Davis na wenzake walieleza wagonjwa 34. Isipokuwa mmoja, wote walikuwa watu weusi wa miaka 11 hadi 39.

Je, huitambuaje? Hutia dawa ya rangi inayoshika protini iitwayo INI1. Kiini cha chembe nzima huwa cha hudhurungi. Cha chembe ya saratani hii hakishiki rangi hiyo. Ndivyo nilivyoona siku ile. Lakini ugonjwa ulikuwa umekwisha fika mapafuni.

Basi wenye selimundu msiingiwe na hofu, maana walio wengi hawataupata ugonjwa huu kamwe. Lakini ukiona damu katika mkojo, usione haya wala usijitibu. Nenda ukapimwe, na kama kwenu kuna selimundu, mwambie daktari kabla hajakuuliza. Neno hilo moja laweza kumwonyesha njia mapema.