Usingoje joho, binti yangu

Binti yangu wa Magara,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilisimama pale unaposema unaona aibu kujiita mhitimu kabla hujavaa joho. Umemaliza uzamili huko Montreal. Chuo kilikupa karatasi ya alama za mwisho mwishoni mwa Aprili, mahafali ni Novemba, na kibali chako cha kusoma kimeandikwa kuisha Desemba. Mjomba anasema bila diploma mkononi hakuna ofisi itakayokusikiliza. Mama, aliyeuza mawese na ndagala ili upate nauli, anataka kwanza picha ya joho. Basi umeamua kungoja Novemba ndipo uombe kibali cha kazi.

Usingoje. Ukingoja, Novemba utakuwa na picha nzuri sana na kibali huna.

Kanada haihesabu tangu mahafali. Inahesabu tangu siku chuo kilipokuthibitishia kwa maandishi kwamba umemaliza, iwe kwa barua au kwa karatasi ya alama, na hapo unapewa siku 180 za kuomba kibali cha kazi. Zako zinakwisha kabla Oktoba haijaisha. Hiyo Desemba nayo isikutulize: kibali cha kusoma hufa siku 90 baada ya kumaliza masomo, hata kama tarehe iliyochapwa bado iko mbele. Kwako wewe ni mwisho wa Julai. Ukituma maombi kabla ya hapo, na kama masomoni uliruhusiwa kufanya kazi nje ya chuo, utafanya kazi huku ukisubiri jibu. Ukichelewa, utaanza kuomba urudishiwe hadhi yako, ukilipa ada juu ya ada.

Mjomba hakukudanganya. Kwetu, toka Bujumbura hadi Rumonge, asiye na diploma huambiwa arudi kesho, naye anakukinga na aibu hiyo. Ila hiyo ofisi anayoijua yeye siyo unayoiendea wewe.

Kuna jambo hukuuliza: mtihani wa lugha. Tangu tarehe 1 Novemba 2024, mhitimu wa chuo kikuu lazima aonyeshe matokeo yasiyopungua kiwango cha 7 cha vipimo vya lugha vya Kanada, kwa Kifaransa au Kiingereza. Najua umesoma kwa Kifaransa tangu utoto na hata tasnifu yako ni ya Kifaransa. Bado wanataka matokeo. Jiandikishe wiki hii.

Sasa hiyo aibu, ambayo inanisumbua kuliko tarehe zote. Maprofesa walisoma kurasa zako, wakakuhoji, wakakubali. Siku hiyo ndiyo uliyomaliza. Kuandika kwenye fomu kwamba umehitimu si majivuno, ni kusema kweli. Nakuomba umpigie mama jioni umweleze hivyo hivyo: joho lipo, litavaliwa Novemba, na kibali ndicho kitakachokufanya uwepo kulivaa. Mama aliyekusomesha kwa mawese anaelewa hesabu kuliko unavyodhani.

Nikuulize na mimi. Katika kurasa tatu za barua yako hukusema popote kwamba unataka kubaki. Unasema mama anataka, mjomba anasema, wenzako wanaomba. Kibali hiki cha kazi hutolewa mara moja tu maishani. Kama moyo wako uko kando ya Tanganyika, rudi, hakuna atakayekulaumu, na akikulaumu atazoea. Kama unataka kubaki, sema. Lolote, uamue kabla Julai haijaisha, maana baada ya hapo tarehe ndizo zitakazokuamulia.

Ukiamua kubaki, fungua pasipoti yako leo hii. Uzamili hukupa hadi miaka mitatu ya kufanya kazi, lakini kibali hakivuki siku ya mwisho ya pasipoti, na yako umesema inaisha mwakani. Anza na ubalozi wetu Ottawa, uombe pasipoti mpya. Ikichelewa, hiyo nayo usiingoje: tuma maombi na ya zamani, kisha ukipata mpya uombe uongezewe muda uliobaki.