Dawa Kali za Maumivu na Pombe: Hatari kwa Moyo na Mishipa

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Ama baada ya hayo, ndugu wanafunzi na wazazi wetu, tutazame madhara ya kuchanganya pombe na dawa kali za maumivu kama mofini, kodeini, pethidini na tramadoli.

Dawa hizi zikitumiwa kwa amri ya daktari hazina ubaya, kwani kujitibu kumeruhusiwa. Pombe ni haramu, kama ilivyobainishwa katika Surat al-Maida, aya ya 90. Vikikutana mwilini hutokea haya:

1. Pumzi hupungua. Vyote viwili hulegeza sehemu ya ubongo inayoendesha pumzi. Oksijeni hupungua katika damu, moyo hukosa chakula chake, mapigo huvurugika na huweza kusimama.

2. Mishipa hutanuka. Shinikizo la damu hushuka, na mtu akiinuka huweza kuzirai.

3. Mnywaji wa siku nyingi huwa na hatari zaidi, kwa sababu pombe peke yake hupandisha shinikizo la damu na kudhoofisha misuli ya moyo.

Mwaka 2005 huko Marekani dawa iitwayo Palladone iliondolewa sokoni. Ilitengenezwa itoke kidogo kidogo kwa saa 24, lakini ikikutana na pombe ilimwagika mwilini kwa haraka, kiasi cha kuweza kuua.

Linalotusikitisha ni aibu. Mgonjwa anayekunywa kwa siri huulizwa na daktari, naye hukana kwa kuwaonea haya wazee waliomsindikiza. Ndugu zetu, kumsitiri Muislamu ni jema, lakini kumweleza daktari faraghani si kumfedhehesha. Ni kuilinda nafsi. Toba ni wajibu, na ukweli mbele ya daktari nao una nafasi yake.

Mkimkuta mtu amelala haamshiki, anakoroma isivyo kawaida, mboni za macho zimekuwa ndogo mno na midomo imebadilika rangi, mlazeni ubavu, msimnyweshe kitu, mkimbizeni hospitali na mseme yote aliyotumia. Ipo dawa ya naloksoni inayozuia nguvu ya dawa hizo, ingawa haiondoi pombe.

Maswali
1. Kwa nini moyo hudhurika pumzi inapopungua?
2. Eleza tofauti ya kusitiri na kuficha kunakoangamiza.

Allah atuhifadhi sisi na vizazi vyetu. Amin.